Chuya

Nimeuza mchele Tandika miaka ishirini na sita.
Naona kijiwe ndani ya ungo
kabla mteja hajauliza bei.
Kwa hiyo kule kliniki ya sukari walipotuambia,
"Leo kila mtu apite chumba cha macho,"
nilicheka. Macho? Mimi?
Nipimeni magoti.

Nikasoma herufi mpaka mstari wa chini kabisa,
ule ambao Bwana Kondo, niliyekaa naye benchi moja,
aliapa kwamba haupo.

Kisha matone. Yanawasha kama maji ya kitunguu.
Baada ya robo saa ulimwengu ukavimba:
sketi ya nesi ikawa wingu,
tangazo la ukutani likawa uji.
Kijana wa mashine, Anyitike, jina limeshonwa kifuani,
akasema, "Kidevu hapa, mama. Tazama taa ya kijani. Usipepese."
Mwanga ukapasuka.
La kulia. La kushoto.
Kama kupigwa picha ya pasipoti,
ila ya mtu anayekaa ndani yangu.

Akanigeuzia kioo cha kompyuta.
Sikujua nina mwezi humo.
Mwezi wa rangi ya papai bivu,
na mito inayogawanyika kuwa vijito,
vijito kuwa nyuzi.
"Hiyo ni mishipa ya damu. Sasa ona hapa."
Sikuona. Ikabidi akuze picha mara tatu.
Nukta nyekundu. Moja, mbili, ya tatu pembeni,
ndogo kuliko kichwa cha pini.
"Sukari imechosha kuta za mishipa midogo.
Zimetuna, kama tyubu ya baiskeli pale ilipolika.
Ni mabadiliko ya mwanzo tu. Madogo.
Hayajagusa uwezo wako wa kuona."

Sikusikia "madogo." Nilimsikia Shangazi Mwavita,
aliyekaa mlangoni Mbagala miaka tisa
akitutambua kwa kandambili zetu,
akipapasa sahani, samaki yuko wapi.
Yeye hakuna aliyempiga picha ya ndani ya jicho.
Alipoanza kulalamika ukungu, tulisema ni uzee.

"Nitapofuka lini?" nikauliza,
kwa sauti ile ninayoulizia bei ya gunia.

Hakucheka.
"Sijasema hivyo, mama. Wengi wana nukta kama hizi
na haziwaongezeki miaka na miaka.
Leo jicho halitaki dawa wala leza.
Linataka sukari ishuke, presha ishuke,
na wewe urudi mwakani hata kama unaona vizuri.
Hasa kama unaona vizuri.
Ila ukiona giza, au vitu vinaelea, usingoje mwakani."

Hasa kama unaona vizuri.
Nililibeba neno hilo mpaka nje,
jua la saa saba likanipiga kofi.
Nikafunika uso kwa khanga, nikashika mkono wa binti yangu Siwema
kama bibi harusi asiyejua anapelekwa wapi.
Simu ikalia, pesa imeingia. Elfu kumi au laki?
Siwema akasema elfu kumi.
Ningefanyaje, nikamwamini.

Jioni nimerudishiwa macho yangu.
Niko na ungo, kilo mbili za Kyela,
za Mama Ruzuna asiyetaka kuona chuya.
Hakuna anayemwaga gunia kwa chuya tatu.
Wala hakuna muuzaji anayeacha kupepeta
eti kwa sababu jana ungo ulikuwa safi.

Siwema ameleta chai.
Nimeonja. Nimelitazama kopo la sukari, likanitazama.
"Umeweka vijiko vingapi?"
"Kimoja na nusu."
Kesho kimoja, nimesema.
Nacho hicho kimoja tutakuja kukijadili.

Tarehe ya mwakani nimeiandika kwa chaki
nyuma ya mlango wa stoo,
chini ya deni la Bwana Kondo.
Kwa herufi kubwa.
Si kwamba ninazihitaji.